Tairi za karavani na ile moja isiyokatwa

Kasonde, Bupe, na nyinyi wengine mnaobaki kwado: juzi nilipita kuwasalimu, nikawakuta mnabishana ni tairi zipi mtaifungia karavani mpya ya madaktari wa macho. Kasonde alikuwa anazipiga teke moja moja. Mwanangu, tairi si mbuzi, ukiipiga teke haisemi kitu. Nilinyamaza kwa sababu nimestaafu, na mstaafu anayekuja kazini kuelekeza watu anachosha kuliko mvua ya Februari. Nilipofika nyumbani nikashindwa hata kula. Basi nimemnyang'anya mjukuu wangu daftari, na haya ndiyo ninayoyajua.

Kama daftari hili litafika kwa mtu asiyetujua, kwado ni mahali pa kuziba na kubadilisha tairi. Jina tulilileta sisi watu wa Congo tulipovuka ziwa, na hapa Nchelenge hata Wabemba wanalitumia. Sitaandika nani alipanda cheo, maana kwado haina vyeo. Kuna anayejua, kuna anayejifunza, na kuna anayekalia ndoo kungoja chai. Nyote mnajua ni nani huyo.

Nilivuka kutoka Pweto na watoto wawili na furushi la nguo. Mume wangu alibaki ng'ambo, na habari zake si za daftari hili. Nikaanza kuuza samaki wakavu kwa baiskeli, vijiji vya ndani, mbali na ziwa. Siku moja mpira wa nyuma ukaisha upepo mbele ya kwado ya Papa Kalenga. Yeye alikuwa amelala chini ya lori, miguu tu ndiyo ilionekana. Nilisubiri, nikachoka. Nikachukua beseni lake la maji, nikauzamisha mpira nitafute povu.

Miguu ikasema, "Weye mama, nani alikuambia ushike beseni yangu?"

"Weye uko na kazi. Mie niko na samaki."

"Ah bon. Na ukiharibu?"

"Nitaziba mara mbili."

Akatoka chini ya lori, mutu mufupi, mabega mapana, amejaa vumbi hadi kwenye kope. Akaitazama kazi yangu, akauvuta mpira, akaupuliza, akautia tena majini. Haukutoa povu hata moja. Akacheka. "Kesho ukuje na nguo ya kuchafua," akasema. Nikaenda, na sikuondoka tena mpaka mwezi uliopita.

Msidhani ilikuwa rahisi. Madereva wa malori walikuwa wakiniona na chuma cha kufungulia tairi mkononi, wanarudi nyuma. "Awe, mukwai, hapana kabisa, mwanamke asiguse tairi yangu," wanasema, kama vile nitaitia uchawi. Papa Kalenga hakuwahi kubishana nao. Alikuwa anaweka vyombo chini, anakaa, anafuta mikono taratibu. "Bon," anamwambia dereva, "sukuma gari yako mpaka Mansa. Huko utapata mwanaume." Sijamwona hata mmoja aliyesukuma. Baada ya miaka miwili mitatu walikuwa wakifika na kuuliza, Mama Feza yuko wapi.

Papa Kalenga alikuwa amefanya kazi ya tairi za magari makubwa ya migodi huko Katanga kabla ya kukimbia. Hakuwa na mashine. Alikuwa na vyuma vitatu, nyundo ya mpira, beseni, kipimo cha upepo alichokivika soksi ya mtoto kisiingie mchanga, na msumeno wa chuma. Msumeno huo ndio ulikuwa sheria ya kwado. Tairi yoyote aliyoihukumu, haitoki pale mpaka imekatwa ukingo wake wote, ule mnene wenye waya unaokaa kwenye rimu. Ikikatwa hapo hakuna mtu duniani atakayeifunga tena. Watu walilalamika sana. Huku kwetu hakuna kinachotupwa: tairi mbovu inakuwa ndala, inakuwa kamba, inakuwa chombo cha kulishia kuku. Papa Kalenga aliwaambia wachukue tu, wafanye kuku, wafanye ndala, lakini wachukue iliyokatwa. "Pine yenye sijakata," aliniambia, maana tairi aliiita pine, "itarudi kwa barabara. Mutu atapenda meno yake, atasahau mwaka yake."

Halafu karavani ikaja. Ya kwanza, ile nyeupe, mnaikumbuka ikiwa tayari imechakaa. Ilikuwa ya misheni moja ya madaktari wa macho, nyumba ndogo ya magurudumu mawili inayovutwa na pickup: ndani vitanda viwili, meza, mashine ya kupimia macho, na tangi la maji. Ilikuwa inazunguka vijiji, Chiengi, Kaputa, mpaka njia za ndani ambazo hata baiskeli zinajuta. Dereva wake alikuwa Ba Mulenga, mtu mzuri, mwenye haraka. Siku ya kwanza alitaka afungiwe tairi za gari ndogo, zilikuwa laini na nzuri. Papa Kalenga akakataa katakata.

Basi sikilizeni, kwa sababu hapa ndipo mlipokuwa mnabishana.

Gari lina mtu kwenye usukani. Tairi ikianza kufa, usukani unatetemeka, dereva anajua. Karavani inakokotwa tu huko nyuma. Tairi yake inaweza kupasuka na kukatikakatika, na anayevuta anaendelea kuimba na redio yake. Kwa hiyo usichague tairi inayopendeza kukaliwa, kwa kuwa hakuna anayepaswa kukaa mle njiani. Chagua yenye mbavu ngumu, iliyotengenezwa kwa ajili ya mzigo. Namba ya uzito imeandikwa ubavuni. Nayo karavani ipimwe ikiwa imejaa, kwenye mizani ya malori, si ikiwa tupu. Karavani tupu ni mwongo mkubwa. Wakiondoka wana mashine, maji na masanduku ya dawa. Wakirudi wameongeza mihogo, samaki, na kila kitu wazee wa vijijini walichowashukuru nacho. Mara moja nilifungua mlango nikatazamana na mbuzi. Kwa hiyo chukua tairi yenye uwezo wa kubeba zaidi ya unachokiona.

La pili ni umri. Hapa ndipo watu wote wanakosea. "Pine ya gari inakufa na kutembea," Papa Kalenga alikuwa akisema. "Pine ya karavani inakufa na kusimama." Karavani inakaa msimu mzima wa mvua uani, jua na maji vinaila, mzigo unalalia sehemu moja, na meno bado marefu. Mtu anaona meno, anafurahi. Usitazame meno. Tafuta ubavuni kiduara kirefu kama yai chenye namba nne: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka ilipotengenezwa. Kama huzioni upande wa nje, lala chini utazame upande wa ndani. Najua vumbi linachafua, lakini lala. Ikishapita miaka mitano mimi naanza kuitilia shaka, ikipita sita sitaki hata kuisalimia. Msimu wa mvua iinueni karavani kwa magogo, tairi zisiguse chini, mzifunike na gunia.

Na upepo. Hapa kwetu kila dereva anajua kupunguza upepo akishuka kwenye mchanga wa ufukweni, tairi inalala, gari linapita. Sawa. Wakifika kwenye lami, nani anakumbuka kuurudisha? Wanasema tutajaza mbele. Tairi laini kwenye lami yenye mzigo inachemka kama chungu. Ijazeni asubuhi ikiwa baridi, kiasi kilichoandikwa ubavuni, na mzipime zote mbili na ile ya spea, sababu spea nayo inazeeka. Mbili za ekseli moja ziwe aina moja na umri mmoja. Kasonde, hii ndiyo iliyokuwa inakusumbua juzi: ile moja mpya na moja ya zamani ulizotaka kuzioanisha. Hapana.

Hayo yote nilifundishwa na Papa Kalenga. Sasa nitaandika na lile nililofanya mwenyewe.

Macho yake yalianza kuingia ukungu. Kwanza alikuwa ananiita nimsomee namba, anasingizia jua. Halafu akaacha kusingizia. Siku moja karavani ilikuwa imeletwa kukaguliwa, akapapasa tairi ya kushoto, akasimama na kidole chake mahali pamoja. Karibu na ukingo palikuwa na jeraha lenye umbo la mwezi mchanga, na chini yake mipasuko midogo midogo. Nikamsomea namba nne. Miaka saba. "Imekufa hii," akasema. "Feza, kata." Kisha akaenda nyumbani, macho yalikuwa yanamuuma.

Nilikuwa nimeshika msumeno. Akaingia Ba Chola, mvuvi wa kisiwa cha Kilwa humu ziwani, tuliyekuwa tukimzibia mipira ya baiskeli ya mwanawe. Alitaka tairi ya kuning'iniza ubavuni mwa boti lake, maana linagongwagongwa kwenye gati.

"Mukwai Mama Feza, nipe hiyo, lakini usiikate. Ukiikata inafunguka, kamba inatoka, boti yangu inavunjika."

"Papa Kalenga hapendi."

"Mwe mama! Mimi naishi Kilwa. Kule gari itatoka wapi? Itatembea juu ya maji?"

Nikacheka. Nikafikiri, ni kweli, Kilwa hakuna barabara ya gari, kuna maji pande zote. Nilijiona mwenye akili na mwenye huruma kwa wakati mmoja, hali ambayo siku hizi ikinijia ninakaa chini kwanza. Nikampa nzima. Jioni Papa Kalenga aliponiuliza kama nimekata, nikasema ndiyo.

Ilipita miezi kama mitatu. Misheni wakaahidi kumpeleka Papa Kalenga hospitali huko Mansa apasuliwe macho, pamoja na wazee wengine watano. Waliondoka asubuhi na mapema Jumanne moja. Wazee walipandishwa ndani ya karavani yenyewe. Hairuhusiwi, najua, na kila mtu anajua, lakini kwenye pickup hapakuwa na nafasi, na mzee asiyeona humwambii apande basi. Niliwaaga kwa mkono kutoka mlangoni mwa nyumba yangu. Sikuitazama tairi.

Saa mbili hivi Ba Chola akafika kwado, amefurahi, anaomba tairi nyingine.

"Ile ya kwanza imeenda wapi?" nikamuuliza.

"Shemeji yangu aliichukua, mukwai. Akaipaka mawese na masizi, iking'aa hivi kama viatu vya harusi! Akaiuza sokoni Kashikishi, Jumapili."

"Nani alinunua?"

"Dereva wa karavani ya macho. Alikuwa anatafuta saizi hiyo, nyinyi hamfungui Jumapili."

Nilikaa chini, pale pale kwenye mchanga. Mungu wangu! Saizi ile ilikuwa ngeni huku, gari lingine lolote halikuihitaji. Kwa hiyo tairi ile, kama ingerudi barabarani, ilikuwa na mahali pamoja tu pa kurudi, na mimi nilikuwa sijafikiria hilo hata kidogo. Kumbe Ba Mulenga alikuwa ameharibu tairi yake kwenye mawe ya njia ya Kaputa, akakuta kwado imefungwa kwa sababu Papa Kalenga yuko kanisani, akaenda sokoni. Na sasa tairi ile iliyokufa ilikuwa imebeba wazee sita kwenye lami, mmoja wao ni yule aliyenipa kazi.

Nilimpigia Ba Mulenga. Simu haipatikani. Nilimkimbilia jirani mwenye pikipiki, nikapanda na jeki mapajani. Niliogopa kuliko siku niliyovuka ziwa. Siku ile nilikuwa nimekimbia ubaya wa watu wengine, na safari hii ubaya ulikuwa wangu. Njia nzima nilikuwa natazama mitaroni. Kila kitu cheupe kilikuwa karavani iliyopinduka: shuka iliyoanikwa, bati, mbuzi. Nilikuwa nasema kwa sauti, Baba yetu, Baba yetu, na kushindwa kuendelea na sala, na jirani akadhani namwambia apunguze mwendo.

Tuliwakuta kabla ya kufika Kazembe. Karavani imesimama kando ya barabara, imesimama wima. Wazee wamekaa juu ya kitenge, wanakula ndizi. Ba Mulenga anazunguka na kufoka, jeki hana. Papa Kalenga amechuchumaa kwenye kivuli, mkono juu ya gurudumu la kushoto. Nesi akaniambia kwamba walisimama ili bibi mmoja aende porini, Papa Kalenga akashuka akakaa karibu na gurudumu apumzike.

"Nilisikia harufu ya mawese," akasema yeye mwenyewe, bila kugeuka. "Nilizani ni njaa. Nikauliza nani amebeba sombe, ile mboga ya mawese, banasema hakuna. Alors nikapapasa."

Kidole gumba chake kilikuwa kimelala juu ya zile namba nne. Zimechomoza, unaweza kuzisoma hata ukiwa gizani ukiwa na mkono unaojua. Kisha alikuwa ametafuta mwezi mchanga, akaukuta. Tulipoiondoa baadaye, ubavu wa ndani ulikuwa umefura uvimbe mkubwa kama yai la bata. Ilikuwa imebakiza kilomita chache ipasuke.

Ba Mulenga akanigeukia. "Hii tairi imetoka wapi? Mzee anasema ni ya kwado yenu! Nani ameiachia?"

Nikafungua mdomo.

"Ni mie," akasema Papa Kalenga. "Nilipaswa kuikata, nikasahau. Macho, kichwa, yote inaondoka. Pardon, Ba Mulenga."

"Papa..."

"Feza, leta jeki."

"Papa, mie ndio..."

"Feza. Jeki."

Nilileta jeki. Tukafunga ile ya spea, mimi na yeye, chini ya karavani, vichwa vyetu vimekaribiana. Nililia huku nakaza nati. Nikamnong'oneza kwamba nitawaambia. Akanijibu taratibu, kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu anayeomba spana: "Ukisema weye, madereva balisema zamani: mwanamuke hawezi kazi ya pine. Bataona balisema kweli. Hautashika tena chuma hapa Nchelenge. Juu ya mie batasema tu, muzee amezeeka. Na ile haiko uongo."

Alipasuliwa, akaona. Alirudi anaona mpaka sisimizi, akanilaumu kwa uchafu wa kwado nzima. Lakini misheni walikuwa wameshaamua. Wiki ya pili Ba Mulenga alileta karavani, akasema mbele ya watu wote kwamba kuanzia sasa anayekagua ni Mama Feza peke yake, mzee apumzike. Papa Kalenga akapiga makofi. Alipiga kweli, kwa furaha, na mimi nikainama nikaanza kupima upepo. Nilikubali. Miaka yote iliyofuata, karavani ilipokuja, alikuwa akihamisha kiti chake upande mwingine wa kwado asionekane kama anayetaka kuulizwa. Macho yake mapya yalikuwa mazuri kuliko yangu. Hakuna aliyemuuliza mpaka alipofariki.

Nanyi pia mmeikuta habari hiyo kwado, mnamsimulia kila mgeni juu ya mzee aliyesahau kukata tairi akajipandisha mwenyewe juu yake. Nimewasikia mkicheka, nami nimekaa pale pale na kipimo mkononi, nikacheka nanyi. Nimecheka miaka mingi. Siwezi tena.

Hakusahau hata moja. Mkiisimulia tena, toeni jina lake, wekeni langu.